Mzigo Usiolazwa Chini

Nakumbuka asubuhi moja ya Septemba, mwanangu, nimepiga magoti mbele ya kitalu cha nyanya, na nyuma yangu wanafunzi kumi na wawili wamesimama kimya kama watu waliokuja kuzika. Jua lilikuwa bado chini kwenye miombo, lakini miche ilikuwa imeshalala. Si ule ulalaji wa mche unaokunywa maji ya jioni ukaamka. Shina lilikuwa limegeuka uzi, na jani ukiligusa linapukutika vidoleni.

Nakuhadithia haya kwa sababu ya ujumbe ulionitumia juzi kwenye simu. Uliandika: "Mama, siku hazinitoshi. Nafundisha vidato vinne, nina shamba la shule, nina kuku wa shule, na masomo yangu ya shahada yamelala. Nifanyeje?" Nilisoma mara mbili, nikavua miwani, nikacheka. Sikukucheka wewe. Nilimcheka binti mmoja niliyemfahamu, mwalimu wa kilimo wa mwaka wa pili kazini, ambaye angeweza kuandika maneno hayo hayo kama simu za namna hii zingekuwepo wakati ule.

Shule yetu ilikuwa kando ya barabara ya Kwihara, ile wanayopita wageni wakienda kuangalia tembe la kale. Nilikuwa mwalimu wa kilimo peke yangu. Wewe unajua maana yake. Mwalimu wa hesabu ana hesabu zake na mwalimu wa historia ana historia yake, lakini chochote kinachogusa udongo ni cha mwalimu wa kilimo. Shimo la choo likichimbwa, aitwe. Nyasi zikirefuka, aitwe. Mgeni akija kupanda mti wa kumbukumbu, nani atachimba shimo na nani ataumwagilia mgeni akishaondoka? Kila mara Mkuu wa shule aliponiongezea jambo, alinipigapiga begani na kusema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi!" Nami, binti wa mkulima wa tumbaku wa Usoke, nilivimba kichwa nikaupokea. Nilidhani nasifiwa.

Ukutani kwangu nilibandika ratiba niliyoichora kwa kalamu za rangi nne. Ilikuwa nzuri kuliko maisha yangu. Chini ya mto wa kulalia nilikuwa na vitabu vya shahada niliyojiandikisha kuisoma kwa njia ya posta, na vumbi lake lilinijua kwa jina.

Sasa, wale kumi na wawili walikuwa kidato cha nne, na nyanya zile zilikuwa mtihani wao wa vitendo. Kila mmoja alitakiwa kuwa na tuta lake lenye miche hai na daftari la kumbukumbu aliloandika siku kwa siku. Mwishoni mwa Oktoba mtahini wa nje angekuja kutazama vyote viwili. Tulisia mbegu katikati ya Agosti. Katikati ya Septemba miche ilikuwa tayari kukomazwa. Kazi hiyo unaijua: kabla ya kuuhamishia mche shambani, unauondolea kivuli na kuupunguzia maji kidogo kidogo, ili ukifika kwenye jua kali usishtuke. Mche ni kama mtu, ukidekezwa hadi mwisho, safari ya kwanza inakuua. Lakini ni kazi ya jicho. Anayeifanya lazima awepo kila siku.

Alhamisi ile niliondoa nyasi za kivuli, nikawaambia wanafunzi kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Msimwagilie hata tone mpaka nirudi niwaambie." Nilipanga kurudi Jumamosi. Ijumaa Mkuu akaniita. Mahafali yalikuwa wiki ijayo, mgeni rasmi amethibitisha kuja, na mbele ya ofisi hapana hata ua moja. "Mzigo mzito," alianza, na mimi nikamalizia mwenyewe.

Nikahamisha maua, nikapanga mawe na kuyapaka chokaa, nikaenda mjini kutafuta rangi, nikarudi kusimamia wanaofyeka. Jumamosi nilikikumbuka kitalu, nikasema kesho. Jumapili nikasema nikitoka kanisani. Jumatatu sikusema kitu. Jumatano asubuhi nilikwenda, nikapiga magoti pale nilipokuambia.

"Kwa nini hamkumwagilia?" niliuliza.

Shija, kijana mrefu aliyekuwa kiongozi wao, alitazama viatu vyake. "Ulisema tusimwagilie mpaka urudi, mwalimu."

"Na mlipoona inakauka?"

"Tulidhani unatupima."

Mwingine akaongeza kwa sauti ndogo, "Tulikuwa tunakuona kule kwenye maua, mwalimu, na keni ya kumwagilia mkononi. Tukajua na wewe unatuona."

Mwanangu, kuna maneno yanayosemwa kwa heshima kabisa na bado yanakuchapa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Siku ile waliosikia la mkuu ndio walioua miche, na mkuu mwenyewe, yaani mimi, alikuwa hatua sitini kutoka hapo, akimwagilia maua ya mgeni.

Ndipo nikaona mstari wa mwisho, ule uliobanana na ukingo wa kitalu. Ulikuwa umesimama. Majani yake yalikuwa madogo na magumu, rangi ya kijani iliyokolea, kama inavyotakiwa.

"Huu ni wa nani?"

Macho yote yalimwendea Nyamizi, binti mfupi wa Kwihara ambaye darasani alikaa karibu na dirisha na kuuliza maswali yaliyonichelewesha.

"Si tulimwambia!" alisema Shija. "Kila asubuhi na kikombe chake. Tukamwambia, wewe Nyamizi, mwalimu akija utalima mpaka Krismasi."

Ningepaswa kumshukuru palepale. Badala yake nilimuuliza, "Nani alikuruhusu?" Aibu ikikosa pa kukaa, huvaa nguo za hasira.

Nyamizi alisimama wima. "Samahani, mwalimu. Nilichoma kidole kwenye udongo. Juu pakavu, chini pakavu. Ulitufundisha wewe, kidato cha pili, ukasema tusimuulize mtu kama mmea una kiu, tuuulize udongo. Nikauuliza."

Niliwarudisha darasani na kuyachukua madaftari yao. Ofisini niliyafungua moja baada ya jingine. Miandiko kumi na miwili, neno moja. *Ijumaa: hakuna maji. Jumamosi: hakuna maji, mwalimu hajaja. Jumapili: mwalimu hajaja.* La Nyamizi lilikuwa na nyongeza: *Mwalimu hajaja. Nimeweka kikombe kimoja.* Nilimwona mtahini akisoma kurasa zile kumi na mbili huku nimesimama pembeni. Kusia upya haikuwezekana, maana hadi mbegu ziote na miche ikue, Oktoba itakuwa imekwisha. Wanafunzi wangu wangefeli kwa kosa langu, na kosa langu lilikuwa limeandikwa kwa mikono yao wenyewe.

Kosa la kwanza ni la kusahau. La pili, ambalo nusura nilitende, ndilo lililonifanya nikuite ukae unisikilize. Nyanya zina ugonjwa uitwao mnyauko, ambao huangusha mmea mzima bila onyo, na hakuna wa kulaumiwa. Niliamua kununua madaftari mapya. Wanafunzi wanakili upya kumbukumbu zote, na wakifika kwenye siku zile, waandike *mnyauko*. Neno moja tu, na ni neno la kitaalamu.

Alasiri nilipanda baiskeli hadi Isevya, mjini. Nilinunua madaftari kumi na mawili, kisha nikapita kwa Fundi Mrisho kuchukua keni mbili za shule alizokuwa anaziziba. Alikuwa mzee wa mabati, mtu wa mji tangu babu wa babu yake, na karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyumba chenye turubai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu wa mchicha! Mbona umenenepa kifuani? Au ni daftari hizo?"

Kabla sijajibu, adhana ya alasiri ikasikika. Alikuwa katikati ya kupigilia ribiti, vile vijimisumari vya kuungia bati, kwenye shingo ya keni. Nilitegemea amalizie, zilikuwa zimebaki mbili. Hakumalizia. Aliingiza ribiti inayofuata kwenye tundu lake, akaiacha hapo bila kuipiga, akaweka nyundo juu ya kigoda mpini ukitazama anapokaa, akaenda. Aliporudi alikaa, mkono ukaukuta mpini, na pigo la kwanza likatua juu ya ribiti kabla hata hajaniangalia.

"Si ungemaliza kwanza, fundi? Zilikuwa mbili tu."

"Ningemaliza, ningerudi nimekaa hapa nashangaa. Nishike keni ipi? Nyundo iko wapi? Nusu saa imekwenda na maji. Hivi kazi yenyewe imeniita." Akapiga ya pili. "Ndivyo walivyokuwa wapagazi, wale wa babu zetu. Hukufundishwa kwenu Usoke?"

Nikasema hapana.

"Watu wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanadhani tulikuwa na shingo za ng'ombe. Wapi! Mpagazi alifunga robota lake, furushi kubwa la nguo, kwenye fito ndefu zenye panda. Akitaka kupumzika, hakulilaza chini. Aliliegemeza kwenye mti, fito ardhini, robota juu, usawa wa bega lake. Akishavuta pumzi, anaingiza bega, huyo anaondoka. Aliyelaza mzigo chini alihitaji watu wawili wa kumtwika, na msafara haukumsubiri." Aliinua keni akaitazama dhidi ya mwanga. "Tena asubuhi ya kuondoka, kila mtu aliupima mzigo wake kwanza. Ukizidi, anautua mbele ya kiongozi. Hamwambii siwezi safari. Anamwambia, punguza. Mnyamwezi alisifika kwa kufika, mwanangu. Hakusifika kwa kubebeshwa."

Akilini nikaziona nyasi za kivuli nilizoziondoa Alhamisi na kuziacha zimelala pembeni ya kitalu, bila neno kwa mtu juu ya lini, nani, na mpaka wapi. Sikuuegemeza mzigo ule. Niliulaza chini, nikaondoka na ufunguo wa kuunyanyua.

Sijui ni nini kilinifungua kinywa. Nilimweleza yote, hadi madaftari na mnyauko.

"Mnyauko," alirudia, kama anayeonja maziwa yaliyoharibika. "Na yule binti wa kikombe, naye aandike mnyauko?"

Niliyashusha madaftari kutoka kifuani.

"Wale watu walitembea mstari mmoja, mwalimu. Wa nyuma haoni njia, anaona robota la mwenzake tu. Wa mbele akikutana na kisiki anapiga kelele, kisiki! Anayefuata anaipokea, kisiki! Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Aliyejikwaa akanyamaza kwa aibu, wote waliomfuata walijikwaa palepale." Akanisukumia keni zangu. "Wewe ni wa mbele. Haya, nenda, jua halikusubiri."

Asubuhi yake nilisimama mbele ya wale kumi na wawili, nikawarudishia madaftari yao ya zamani. Nikasema, "Miche ilikufa kwa sababu mimi nilitoa amri nikaondoka nayo. Yaliyoandikwa humu ni kweli, na yatabaki." Kisha nikamgeukia Nyamizi nikamshukuru mbele yao wote, na nikamwomba radhi kwa jana. Nikamwomba na jambo lingine, awagawie wenzake miche: mstari wake ulikuwa na miche sitini hai, na ulikuwa mali yake.

Aliwatazama wenzake, hasa Shija. "Mitano mitano inatosha kila mtu, mwalimu," alisema. "Ila Shija aje na kikombe chake. Changu hakipati." Darasa zima likacheka, na Shija zaidi ya wote.

Tukapandikiza jioni ileile. Matuta kumi na mawili, kila moja na miche mitano, yakionekana kama vinywa vya watoto wanaoota meno.

Mtahini alikuja mwisho wa Oktoba, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya ukindu. Alifungua daftari la Shija, akasoma, akainua macho. "Hapa panasema mwalimu hajaja. Siku nne."

"Ndiyo, mama," Shija akajibu.

Akanigeukia mimi. Nikasema, "Ni kweli. Nilikuwa kwenye maua."

Akaandika kitu. Halafu akawauliza wanafunzi wamejifunza nini kutokana na hilo, na hapo, mwanangu, ndipo nilipovuna. Nyamizi alimwonyesha kwa kidole kilichozama ardhini tofauti ya udongo mkavu juu na udongo mkavu hadi chini. Shija alieleza mche uliokomazwa na mche ulioachwa, akalinganisha siku kwa siku kutoka kwenye madaftari mawili, lake na la Nyamizi. Hapakuwa na jaribio bora zaidi katika shule ile, na hakuna aliyelipanga. Matuta yao yalikuwa mepesi na walipoteza alama hapo, sitakuficha. Lakini wote kumi na wawili walipita, na wangeandika mnyauko wasingekuwa na la kusema.

Wiki iliyofuata Mkuu aliniita tena. Kuku wa shule walikuwa wamekosa msimamizi. Akanipiga begani, akaanza msemo wake. Nikamwambia, "Ndiyo, Mkuu, na Mnyamwezi aliupima kwanza. Nitachukua kuku. Uniambie tu nitue lipi, maua au miti." Alinuna siku nne. Siku ya tano maua yalihamia kwa mwalimu wa michezo, na ukitaka kujua, yalipendeza zaidi.

Na yale madaftari mapya? Moja nililifunga kwa kamba kwenye nguzo ya kitalu. Kila nilipoondoka niliandika mstari mmoja: kazi imeishia hapa, kinachofuata ni hiki, atakayekifanya ni fulani. Hata ningeitwa na Mkuu kabla sijafuta mikono, mzigo ulikuwa umesimama usawa wa bega la yeyote. Lilipojaa nikafungua jingine. Daftari lingine tena nililiweka kwenye vitabu vya shahada. Nilisoma nusu saa kabla ya mstari wa asubuhi, kila siku, na kengele ikilia niliacha sentensi katikati, kwa makusudi, ili kesho inisubiri mlangoni. Ilinichukua miaka, lakini nilivaa joho. Fundi Mrisho alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilipita kibarazani kwake nikiwa nimelivaa, hata hivyo.

Basi sikia, mwanangu. Hukupewa siku fupi kuliko wengine, na ratiba ya rangi nne haitairefusha. Kila asubuhi pima mzigo kabla ya kuuinua, na ukizidi utue mbele ya kiongozi kwa adabu, huku umesimama wima. Mshika mawili moja humponyoka, na kwa mwalimu wa kilimo linaloponyoka huwa ni lenye uhai, kwa sababu choo hakinyauki. Ukiitwa katikati ya kazi, nenda, lakini usiilaze chini. Iegemeze, uandike imefika wapi. Usimpe mwanafunzi amri bila sababu yake. Mpe sababu, na kidole chake kitakusaidia siku ambayo wewe hupo. Masomo yako yape saa ndogo isiyoguswa, ndogo kiasi cha kuonewa huruma, lakini ya kila siku. Na ukianguka, kwa maana utaanguka, usitafute neno la kitaalamu la kufunikia. Kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini ni kwa yule tu anayekubali kwamba alipotea.

Nyamizi sasa ni bibi shamba huko huko Usoke ulikopangiwa. Wakulima wa tumbaku wanamwogopa kidogo, kwa sababu haamini la mtu mpaka ameuchoma udongo kidole. Mtafute. Mwambie umetumwa na mwalimu wa maua, atacheka, kisha atakusaidia.

Mungu akupe mvua inayofuata mbegu zako, bega lenye kujua kipimo chake, na katika kila darasa utakalofundisha akupe mbishi mmoja mwenye kikombe. Mimi nimekutangulia hatua chache tu kwenye njia hii, na mbele yangu kuna robota la fundi, na mbele yake wale wengine. Nimeshapiga kelele yangu: kisiki! Ipokee, na ukiisha kukivuka, geuza shingo uwaambie walio nyuma yako.